Kabla meli haijang'oa nanga, zima data

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hampendi barua ndefu ila hii vumilieni. Kwenye kurasa zenu za safari kila mara mnatuwekea picha za hizi meli kubwa za kitalii, bwawa la kuogelea huko juu, watu na miwani yao ya jua wanakunywa juisi yenye kimwavuli, basi habari imeisha. Hakuna anayetuambia ukishafunga mlango wa kachumba kako mle ndani unachaji simu wapi, chooni kuna maji au hakuna, na watu wa nyumbani utaongea nao vipi. Mimi nimepanda Desemba iliyopita, na niliyojifunza nimejifunza kwa hela ya mkwe wangu.

Nilikuwa Houston, Marekani, kwa binti yangu nikimuangalia mjukuu, siku za kurudi zilipokaribia wakasema mama hatuwezi kukuacha urudi Kigamboni hujaona kitu, tunakupeleka kruzi. Meli inaondokea Galveston, mwendo wa kama saa moja kwa gari, siku moja mko baharini, siku moja Cozumel kule Mexico, siku nyingine baharini tena mnarudi. Mimi nikajua ni kama boti ya Zanzibar tu ila kubwa. Wapi bwana, ni ghorofa!

Kwanza kabisa tulinyang'anywa vitu pale kwenye ukaguzi. Mkwe wangu ni fundi umeme, yaani fundi umeme kabisa kwa kusomea, ndiye aliyepakia ekstensheni ile yenye kinga ndani, ya kulinda vifaa umeme ukipanda. Wakaitoa kwenye begi, wakampa karatasi, akaichukua siku ya kushuka. Akaja kunieleza mwenyewe kwa aibu kwamba umeme wa melini haukai kama wa nyumbani, nyumbani waya mmoja ndio wenye moto na mwingine umeunganishwa ardhini, melini waya zote mbili zina moto, sasa ile kinga inakata upande mmoja tu, mwingine unaendelea kupitisha mpaka kitu kinaungua, na kwamba walinzi wa pwani wa Marekani walishatoa onyo kuhusu hilo tangu 2013. Pasi pia hawataki. Heater ya maji hawataki. Mishumaa na udi ndio usithubutu, mimi udi wangu niliuacha Houston baada ya binti kunikazia macho. Moto baharini hauna pa kukimbilia, hapo siwalaumu.

Sasa soketi. Meli nyingi za kimarekani chumbani zina soketi za namna mbili, moja ya miguu bapa miwili ya volti 110, nyingine ya matundu mawili ya duara ya volti 220 kama za Ulaya. Chaja yetu ya Dar ya miguu mitatu minene haiingii kokote, nilisimama nayo mkononi kama mtu aliyekosea mlango. Na soketi zenyewe ni chache, kwetu zilikuwa pale kwenye meza ya kioo tu, kitandani hakuna kitu, ingawa meli mpya wanaweka na za USB pembeni ya kitanda. Kwahiyo bebeni adapta ya miguu ya duara na kile kichaja kimoja chenye matundu manne ya USB, kisicho na waya mrefu wala kinga ya umeme, kinatosha familia nzima. Zile za volti 110 msichomeke mashine ya nywele ya Kariakoo ya volti 220 mkadhani imekufa, haijafa, inakosa nguvu tu. Ah, na taa: ukiingia kuna kitundu ukutani unachomeka kadi ndio umeme unawaka, ukitoka na kadi kila kitu kinazima na simu uliyoacha inachaji inaacha kuchaji. Binti yangu alichomeka kadi ya zamani ya maktaba, ikakubali, siku zote nne imekaa pale.

Chumba chetu kilikuwa cha ndani, hakina dirisha, ndio cha bei nafuu. Giza la mle si la kawaida, ukizima taa hujui umefumba macho au umefumbua. Usiku wa kwanza mjukuu alilia mpaka tukachoka. Baadae tukagundua kwenye TV kuna chaneli inaonyesha kamera ya mbele ya meli, ukiiacha bila sauti inakuwa kama taa ndogo, na asubuhi unaona kunapambazuka kwenye skrini, ndio dirisha lenyewe hilo. Kuta ni za chuma, kwahiyo vile visumaku vya kubandika kwenye friji vinashika vizuri, tulibeba vya kuning'inizia tukatundika kofia, mikoba, kanga zilizolowa. Kimoja nilikibandika nje kwenye mlango maana korido zile zote zinafanana, siku ya kwanza nilikuwa najaribu kufungua chumba cha watu wengine kabisa na kadi yangu, mzungu akatoka na taulo.

Chooni sasa, samahani Mhariri ila lazima lisemwe. Hakuna maji ya kujisafishia. Karatasi tu. Choo chenyewe kinavuta kwa upepo, kina kelele mtoto akikisikia anaruka, na ukitupa kitu kisicho karatasi kinaziba, na kikiziba kinaweza kuwasumbua na majirani. Bebeni kopo. Kopo dogo la plastiki lenye mkono halichukui nafasi, mimi nilikuwa nalo kwa sababu mama yangu alinifundisha kutosafiri bila kopo, na binti yangu aliyekuwa ananicheka Houston siku ya pili aliniomba. Kwa wanaoswali, kibla kutoka kule ni kaskazini mashariki, lakini dira ya simu mle ndani ya chuma inazunguka kama imelewa, usiiamini, angalia ile ramani ya kwenye TV inayoonyesha meli imeelekeza pua wapi halafu kadiria mwenyewe. Kuna siku nilianza rakaa ya kwanza sawasawa nikihisi nimemaliza upande mwingine, Mungu anajua nia.

Chai. Vyumbani hakuna birika kwenye hizi za kimarekani, nasikia za kiingereza ndio wanaweka. Nilibeba majani yangu, tangawizi ya unga na chupa ya chai ndogo, asubuhi napanda juu kwenye ukumbi wa chakula najaza maji ya moto, nashuka natengeneza ya kwangu. Vile vinywaji vilivyopangwa kwenye kifriji cha chumbani si zawadi, kila ukifungua kimoja kinaandikwa kwenye hesabu yako.

Haya, simu. Hapa ndipo nilipoumbuka na hapa ndipo hasa nataka watu wanisikie.

Kule Houston binti alinipa laini ya kimarekani iliyo kwenye kifurushi cha familia yao, bando halina mwisho, nikazoea kuacha data wazi usiku na mchana. Tumepanda meli, tumeondoka, mimi naona simu ina mtandao, vijiti vyote, nikasema Marekani wameendelea jamani mpaka katikati ya bahari. Kumbe ule si mtandao wao. Meli ina mnara wake yenyewe, ikishaenda mbali na nchi kavu wanauwasha, simu inaudaka yenyewe bila kukuuliza. Mtu aliyewahi kufika Namanga anaelewa, uko upande wa Tanzania bado na simu imeshadaka Safaricom, ndio hivyo hivyo ila huku bei yake ni ya kutisha maana kila kitu kinarushwa kwenda setilaiti, na bando la nyumbani halihusiki hata kidogo. Mimi sikupiga simu hata moja. Simu ilikuwa kwenye pochi imelala. Lakini ndani ya pochi ilikuwa inashusha video za magrupu ya WhatsApp, mnayajua nyie, maua ya asubuhi njema, mahubiri ya dakika kumi na mbili, mtu anacheza na mbuzi, halafu picha zote nilizopiga ilikuwa inazipandisha yenyewe kwenda kuhifadhi huko mawinguni. Tumerudi Houston, bili ikaja, dola 214, zaidi ya laki tano za kwetu, kwa maua. Mkwe wangu hakusema neno na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kwahiyo kabla meli haijaachia gati weka simu kwenye ile alama ya ndege. Si kuzima data tu, ndege kabisa, maana hata simu ikiingia au meseji ikatoka inaweza kukuhesabia. Halafu washa waifai peke yake. Ukiona juu ya simu imeandika Cellular at Sea au namba inayoanza na 901, ujue umeshaingia kwenye mnara wa meli, toka haraka. Na kwenye WhatsApp ingia kwenye mipangilio uzuie isishushe video na picha yenyewe, hii fanyeni hata mkiwa hapa Dar.

Waifai ya meli unanunua kwa siku na kwa kifaa, ukinunua mapema kabla ya kupanda mara nyingi ni nafuu kuliko ukinunulia ndani. Sisi tulinunua ya kifaa kimoja tukapokezana, mmoja anatoka kwenye akaunti mwingine anaingia, ukisahau kutoka mwenzio anasubiri. Soma vizuri unachonunua, kuna vifurushi vya bei ya chini unatuma meseji za WhatsApp lakini kupiga simu ya video haikubali. Na spidi siku hizi si mbaya kama watu walivyokuwa wanasimulia. Zamani mawasiliano yalikuwa yanapanda mpaka setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu, unasema haloo unasubiri, lakini tangu 2022 kampuni kubwa za meli kama Royal Caribbean zilipoanza kufunga vifaa vya setilaiti za Starlink, ambazo ziko kama kilomita 500 tu, mtu unaongea na Tanga kama yuko chumba cha pili. Na hata usiponunua kitu, meli nyingi zina apu yao inayofanya kazi kwenye waifai yao bila kifurushi, unaona ratiba, chakula, na mnaweza kuandikiana mkipotezana mle ndani, meli nyingine bure nyingine kwa ada kidogo. Ishusheni hiyo apu mkiwa bado nyumbani.

Kitu ambacho apu haikusaidii ni M-Pesa. Siku ya pili ya safari, tukiwa baharini, nimewasha waifai nakuta grupu la ukoo limejaa, tumepata msiba Korogwe, mweka hazina anaorodhesha majina ya waliotoa na la kwangu halipo, na watu wanajua niko Marekani kwahiyo wanasubiri kubwa. Laini yangu ya Voda ninayo kwenye simu nyingine, lakini *150*00# inataka mtandao wa simu, haipiti kwenye waifai, na kuitoa kwenye ndege ni kurudi kwenye yale maua. Vivyo hivyo zile namba za benki zinazokuja kwa meseji ukitaka kulipia kitu, hazikufikii, labda uwe na laini inayopokea kwa waifai kama baadhi za kimarekani. Ikabidi nimuombe jirani yangu Kigamboni anitolee, akanitolea, Mungu ambariki, ila nilikaa na aibu mpaka Cozumel. Siku hizi nikisafiri naacha hela kwa mtu kabisa.

Cozumel yenyewe nzuri, maji ya kijani kama Nungwi. Meli ikishafungwa gatini unaweza kutoa simu kwenye ndege, ila subiri uone jina la mtandao wa nchi kavu, sisi ilikuja Telcel, na kifurushi cha binti kilikuwa kinaruhusu Mexico. Sasa tatizo lingine likaja, saa. Meli ilibaki na saa ya Galveston, simu ikajirusha mbele saa nzima kwa sababu Cozumel Desemba wako mbele. Tumeambiwa mwisho wa kurudi ni saa tisa na nusu, mimi nimekaa dukani naangalia simu naona imefika, nikakimbia na viatu mkononi mpaka gatini, kufika walinzi wananicheka, bado saa nzima. Bora hivyo. Ingekuwa simu iko nyuma ningeiona meli mgongo, na hawasubiri mtu. Vaeni saa ya mkononi, ile ya mshale, muiweke kwa saa ya meli muiache hapo hapo.

Zoezi la dharura msilikwepe, nyuma ya mlango wa chumba kuna ramani inakuonyesha pa kukimbilia, na honi ni fupi saba na ndefu moja.

Ninachoomba Mhariri, mawakala wa safari hapa mjini ambao sasa hivi wanatangaza kruzi kila kona waandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili wampe mteja pamoja na tiketi, soketi, kopo, ndege ya simu, basi. Na nyie mkichapisha picha ya bwawa chapisheni na ya soketi. Shoga yangu anaondoka na meli ya Dubai mwezi ujao, wakala wake amempa kalamu na kofia tu. Kopo nimeshampa langu, simu tutakaa nayo Jumapili tuzime yale magrupu moja moja.

Bibi wa mjukuu mmoja,
Kigamboni, Dar es Salaam