Muache tumuimbe Kidiaba, na kuzomea tutazomea

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wa gazeti. Naandika juu ya ile barua mlitoa, ya msomaji aliyesema sisi masapota wa Mazembe, klabu ya mpira ya hapa Lubumbashi, tumekuwa watu wa kukumbuka tu, ati timu inapigwa halafu sisi tuko tunaimba Kidiaba, Kidiaba, kipa aliyeacha kucheza zamani, na ati hiyo ni dharau kwa makipa walioko sasa na pia ni kuwapa viongozi mahali pa kujificha. Nilisoma nikacheka, halafu kadiri siku zinaenda nikaona hapana, hii inataka jibu, juu hapa kwetu Lubumbashi ukinyamaza watu wanasema umekubali.

Huyu msomaji nafikiri anajua tunaongea juu ya nani, ila amejisahaulisha. Robert Kidiaba njo kipa wetu wa ile miaka Mazembe imechukua Ligi ya Mabingwa 2009 na kuirudia 2010, baada ya miaka arobaini na kitu tukilishwa hadithi za 1967 na 1968 na wazee ambao kila mwaka walikuwa wanazidisha chumvi. Halafu Desemba ile ya 2010 tukaenda Abu Dhabi. Pachuca ya Mexico 1-0, goli la Bedi. Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Kabla ya hapo hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, hakuna, na sisi tulifika bila Mputu, kapiteni, juu FIFA walikuwa wamemfungia. Fainali Inter ya Milan wakatupiga 3-0 na Eto'o mwenyewe akafunga, mwana Afrika mwenzetu, sawa, tumemsamehe nusu. Lakini ulimwengu mzima walibaki na picha moja: kipa mwenye nywele za kusuka nyuma, timu yake inafunga, yeye kule kwenye goli lake anakaa chini, mikono mbele, anaruka na matako kwenye majani kama mpira wa mtoto. Kuna watu wa Ulaya hawajui Katanga iko wapi lakini hiyo wanaijua.

Na 2015 tena, mwanzo wa mwaka Leopards, timu yetu ya taifa, wanachukua nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika kule Guinea ya Ikweta kwa penati na yeye golini, na miaka 39, na mwisho wa mwaka Mazembe inachukua Afrika mara ya tano. Sasa mtu wa hivyo unataka tumuimbe lini?

Turudi kwa timu, sitaki mtu aseme nakimbia. Timu iliyumba, tena vibaya. Msimu wa 2024-2025 kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa tulimaliza wa mwisho, nyuma ya Al Hilal ya Omdurman, MC Alger na Yanga. Wa mwisho, Mazembe! Ile mechi ya Yanga hapa nyumbani ilikuwa inauma zaidi, tuko mbele 1-0, watu wameanza kutafuta taksi-busi, wanasawazisha dakika za nyongeza. Halafu kule Dar es Salaam wakatupiga 3-1. Mi hii ya Dar niliangalia kwenye nganda, baa moja ya mtaani, na njo pale niliona hiki kitu ambacho msomaji wenu anakiita dharau, kwa hiyo nieleze kilikuwaje.

Filimbi ya mwisho imelia, hakuna mtu anaongea, mwenye nganda ameshapunguza sauti ya televizheni. Kijana mmoja akatoa simu, akaweka video ya Abu Dhabi, ile ya goli la Kaluyituka, simu ikazunguka meza kwa meza na kioo chake kimepasuka. Kuna mtoto wa pale pale nyumbani, 2010 hakuwa amezaliwa hata kidogo, akaona, akakaa chini kwenye simenti akaanza kuruka vile vile, mikono mbele, matako chini, tap tap tap mpaka mlangoni. Mama yake akapiga kelele, "Weye mutoto, ile patalo ni ya masomo!" Basi watu wakacheka, wakaanza kuimba, na wale wazee wa kona wakaingia. Dakika tano hivi. Halafu? Halafu wakarudi kutukana timu, beki mmoja kwa mmoja, kocha, wanaosajili wachezaji, mpaka saa nne ya usiku. Hakuna aliyesahau tumepigwa tatu. Ulimi ulioimba Kidiaba njo ulimi ule ule uliozomea, na mi sioni hapo viongozi wamejificha wapi.

Na hii ya makipa kudharauliwa, jamani. Kipa anayekuja Mazembe anajua anakuja wapi. Kidiaba mwenyewe kuna siku alikuwa anatoka golini mbio mpaka roho zinatutoka, na tulimpigia kelele, tena nyingi, mi nilikuwemo. Hakuwa malaika. Kumuimba leo si kumwambia kipa mpya wewe si kitu, ni kumuonyesha hapa ukisimama vizuri watu hawakusahau. Kama hiyo inamtisha basi afadhali ajue mapema.

Niko na yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anakaa Canada, Toronto, na kule mchezo wa watu si mpira wetu, ni hoki ya juu ya barafu. Ananitumia ma-vokali marefu, ujumbe wa sauti, kwenye WhatsApp juu ya timu yao, Toronto Maple Leafs, na ukisikiliza unafikiri anaongea juu yetu. Kombe lao kubwa la mwisho ni 1967. Elfu moja mia tisa sitini na saba, Bwana Mhariri, mwaka ule ule sisi tunachukua Afrika mara ya kwanza, wakati timu inaitwa Englebert! Tangu hapo wao, sifuri. Msimu wa 2015-2016 walimaliza wa mwisho kabisa kwenye ligi yao yote, na Oktoba 2016, msimu mpya ndiyo kwanza unaanza, klabu ikawaheshimu wachezaji wao wa zamani 17 kwa mara moja, namba zao hakuna mtu atazivaa tena. Wangengoja wachukue kombe kwanza, mpaka leo wangekuwa wanangoja. Na masapota wao hawakuacha kulalamika, yaya anasema malalamiko ya kule yanashinda ya nganda zetu, ila mi hapo simwamini sana.

Kitu kinachonisumbua mimi ni kingine kabisa. Sisi Wakongomani kuheshimu watu wetu tunajua sana, ila tunangoja wafe. Matanga tunafanya makubwa, ma-fulari, ma-polo yenye picha, hotuba. Mtu akiwa hai anapita barabarani hakuna anayemuuliza amekula nini. Ndaye Mulamba, mchezaji wetu wa timu ya taifa, alifunga magoli 9 kwenye Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, fainali na Zambia 2-2 wakarudia 2-0, magoli yote manne ni yake, na zile 9 mpaka leo hakuna mtu Afrika nzima amezifikisha katika kombe moja. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kumlilia Ndaye amekufa. Na hakuwa amekufa! Alikuwa hai, Afrika Kusini, anahangaika na maisha. Aliishi zaidi ya miaka 20 baada ya kuliliwa, akafariki Johannesburg 2019. Mi kila nikifikiri hiyo dakika moja nasikia haya kwa niaba ya nchi nzima. Walimpa kimya wakati alikuwa anahitaji kelele.

Na kwa sababu tuko tunaongea makipa, nani kati ya vijana wa leo anamjua Kazadi Mwamba? Kipa wa Mazembe, wa kwetu, alikuwa golini 1968 tulipochukua Kombe la Afrika kule Addis Ababa, goli moja la Pierre Kalala mbele ya Ghana, naye Kalala ni wa Mazembe. Ukitaja Kazadi watu wanakumbuka kitu kimoja tu, Kombe la Dunia Ujerumani 1974, Yugoslavia wakatupiga 9-0, na hata hiyo hawaikumbuki vizuri, juu kocha alimtoa baada ya goli la tatu akaweka Tubilandu, zile sita zingine hazikumkuta Kazadi pale. Mtu amechukua Afrika anakumbukwa kwa magoli ambayo hata hakufungwa yeye.

Kwa hiyo msomaji wenu akisema tupunguze kuimba, mi nasema tumeimba kidogo sana, tena ovyo ovyo, kwenye nganda na kwenye masimu. Ifanyike kwa mpango. Kila mwaka kabla ya msimu, pale uwanjani kwetu Kamalondo, mechi moja ya wachezaji wa zamani, watembee na matumbo yao hakuna shida, watu walipe mlangoni, na hizo pesa ziende kwa matibabu ya wale wa zamani walio na shida, na hesabu isomwe uwanjani mbele ya wote, siyo ile ya kusema tutawaambia. Majina ya Kazadi, Kalala na wenzao yaandikwe kwa herufi kubwa pale kila mtoto anapita. Mambo ya kuzuia namba kama wale wa Toronto mi sikubali, jezi ya golini ibaki inavaliwa, acha kila kipa mpya asikie uzito wake. Na hii yote isingoje kombe. Timu ikiwa juu kila mtu ni Corbeau, yaani mtu wa Mazembe, hata wale wanaouliza Mazembe inacheza na mikono au na miguu. Ni wakati timu iko chini njo unajua nani ana kumbukumbu.

Beki wa kati tununuliwe wawili, hiyo pia muiandike.

Na rafiki zetu wa Lupopo, wapinzani wetu wa hapa mjini, najua mnasoma gazeti hili na mnacheka. Nanyi mna wazee wenu, mkiwafanyia mechi mtualike, tutakuja na tiketi tutalipa. Ila jezi ya njano hatuvai.

Sapota wa Mazembe,
Katuba, Lubumbashi