Boriti nzito zisiachiwe misumari peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wenzangu, pamoja na wenye nyumba wanaotupa kazi, juu ya namna tunavyopachika boriti nzito za mbao kwenye baraza na roshani.

Miezi michache iliyopita, katika nyumba moja hapa Tanga, boriti ya mvule ilituponyoka tukiwa watu wanne tumeipandisha mabegani, huku wa tano akiipigilia msumari wa nchi sita kwa mshazari, ikamvunja mwenzetu mkono. Ilikuwa na urefu wa mita 6, kimo cha sentimita 30 na unene wa sentimita 10. Mita moja ya ujazo ya mvule mkavu huwa na kilo 650 hivi, maana yake tulibeba zaidi ya kilo 110, na mti wenyewe ulikuwa bado na maji.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja hawakuwa na shida hii, kwa kuwa ncha za boriti zao za mikoko zilizama ndani ya kuta za mawe zenye unene wa nusu mita na zaidi, na ukuta ndio uliobeba mzigo. Sisi tunajenga kwa tofali nyembamba, au tunaunganisha boriti kwa boriti, mahali ambapo hakuna pa kukalia ila msumari. Na msumari wa mshazari hupasua ncha ya mti, ilhali ule unaoingia kwa kufuata nyuzi zake hushika kidogo sana.

Kinachofaa ni kishikio cha chuma chenye umbo la herufi U, ambacho boriti hukaa ndani yake. Kabla ya kuinua, funga kwa klampu (vibano vya chuma) mbili madhubuti kipande cha mbao ngumu juu ya kila ncha, kikitokeza kiasi cha sentimita 15, ili kikae juu ya mbao iliyokwisha kufungwa ukutani kwa bolti. Boriti itaning'inia hapo ikiwa sawa kwa juu, na nguzo ya muda iwe chini yake. Ndipo unapopandisha kishikio kutoka chini, ukakibana kwa klampu ndogo hadi kiguse tumbo na mbavu za boriti, kisha ukajaza matundu yote ya kishikio kwa misumari minene ya kazi hiyo. Narudia, matundu yote. Sikrubu za jipsamu zisitumike kabisa, kwani hukatika ghafla. Hapa pwani, kwenye chumvi, na hasa kwa mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, chuma kisichopakwa zinki huliwa na kutu upesi. Kishikio kikikosekana dukani, fundi wa kuchomelea anaweza kukiunda, lakini kwa vipimo vya mhandisi.

Wenye nyumba nao wasikatae gharama hii baada ya kununua mbao za bei kubwa. Nawaomba vishikio viandikwe kwenye orodha ya vifaa tangu siku ya kupatana bei.

Mwenye nyumba ile alikubali. Boriti ileile tuliipandisha tena kwa jukwaa na kapi, tukiwa watatu, na wakati wa kupigilia misumari hakukuwa na bega la mtu chini yake.

Wako,
Seremala, Tanga