Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Matairi kwa Mwenyekiti wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana katika karakana yetu, na asante kwa kuitikia mwaliko wa vijana.

Mheshimiwa, mji wetu uko kando ya barabara ya malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala. Madereva hubadilisha matairi hapa na kuyaacha hapa hapa. Tairi la nyuzi tunaliweza: tunalichana kwa kisu kilichopakwa maji ya sabuni, uso wake unakuwa soli ya ndara, tyubu inatoa mikanda. Tairi lenye waya ndani halichaniki. Kisu kinagota na makali yanaisha. Matairi mengi ya malori siku hizi ni hayo ya waya, ndiyo maana rundo uliloliona langoni linazidi kukua hata tukishinda kazini.

Gari la taka hupita likayaacha. Wanaotafuta chuma huyachoma usiku wapate waya wa kuuza, na moshi mweusi unaingia majumbani watoto wamelala. Yanayobaki hujaa maji ya mvua. Mbu aina ya Aedes, anayeweza kueneza homa ya manjano iliyoua watu Masaka, hapa Uganda, mwaka 2016, hutaga mayai ukutani mwa tairi, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi, lazima tairi lenyewe liondoke.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba hili ni tatizo la wenye gereji. Kwa heshima zote, hatukubaliani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 imeyapa mabaraza ya miji kazi ya kuondoa taka za kila aina, na tairi lililokwisha ni taka.

Tunaomba bajeti ijayo itenge eneo la kukusanyia matairi, lenye paa na uzio. Paa ndilo tunalolisisitiza zaidi, kwani bila paa tutakuwa tumewahamisha mbu tu. Tunaomba pia gari lipite kila wiki, na sheria ndogo ya kukataza kuchoma matairi.

Kuhusu yale ya waya, ofisi yako izungumze na wenye viwanda vya saruji Tororo. Katika nchi nyingi tanuri za saruji hutumia matairi kama kuni. Joto la tanuri hupita nyuzi 1,400 za Selsiasi na chuma cha tairi huingia kwenye saruji yenyewe. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ishirikishwe tangu mwanzo, ili moshi wa tanuri upimwe.

Sisi tutachambua, tutahesabu na kuandika kila tairi daftarini bila kudai mshahara kwa mwaka wa kwanza. Daftari liko mezani, Mheshimiwa. Tunakuomba ulitie sahihi kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.