Mvi Zangu, Piko ya Hawe

Mwanangu Kadzo,

Hujambo huko Nairobi? Sisi huku Kilifi tu wazima, joto tu ndilo linalotuonea. Zile elfu tatu ulizotuma kwa M-Pesa zimefika, na meseji nimeisoma: niende saluni nipake rangi kabla ya harusi ya Baraka, nisije nikaonekana bibi kwenye picha. Nilicheka peke yangu jikoni. Mimi ni bibi, Kadzo, na wanao ndio walionifanya bibi.

Jibu ni kwamba sipaki. Ningekuandikia hivyo tu tukamalizana. Lakini chini kabisa uliongeza, kama mtu aliyekumbuka mlangoni, kwamba nawe umeziona zako juu ya sikio la kushoto, na meneja wako amekwambia wateja wanapenda sura changa. Hapo kicheko kiliniisha. Kaa chini basi, chemsha chai.

Nianze na hizo zako. Una miaka 36. Madaktari husema kwa watu weusi mvi huanza kushika kasi kwenye miaka ya 40, na zikitokeza kabla ya 30 ndipo wanapoziita za mapema. Kwa hiyo hujawahi wala hujachelewa. Marehemu babako alikuwa nazo kabla ya 40, na jambo hili kwa sehemu kubwa ni la kurithi. Unywele ulio nje umeshakufa, haugeuki rangi. Mweupe umetoka mweupe tangu kwenye shina, kwa sababu chembe zinazoutia rangi pale chini zimepungua au zimekwisha. Ndiyo maana hadithi ya mtu kulala na nywele nyeusi akaamka nazo nyeupe siiamini. Hata hivyo, kama unachokachoka bila sababu, nenda ukapimwe vitamini B12 na tezi ya shingoni. Upungufu wa hiyo vitamini na matatizo ya hiyo tezi huweza kuleta mvi mapema, na wewe siku hizi unaniambia huli nyama, huli samaki, maziwa hunywi, sijui unaishi kwa nini.

Na usizing'oe. Si kwamba ukiing'oa moja zitakuja mbili, hayo ni maneno ya shuleni. Ni kwamba shina likiumizwa mara kwa mara huenda lisitoe kitu tena, na kingo za nywele zako zimeshateswa vya kutosha na wasusi.

Kuhusu mimi, nilipaka miaka yote niliyofundisha na sikuona vibaya. Darasa la nane hawakuwa na huruma. Nilipostaafu niliacha tu. Kipindi kile cha kichwa cha rangi mbili, nyeupe chini na nyeusi juu, kilinichosha, nikaenda kwa kinyozi nikamwambia kata zote. Mashangazi zako walidhani nimefiwa. Sasa nikisimama barabarani, vijana wa boda boda hupunguza mwendo, na Huduma Centre nimewahi kuitwa mbele ya foleni nikapita kichwa juu, sikujifanya kukataa. Ila uangalie jambo moja: mzee wa kiume akiwa na ndevu nyeupe huvutiwa kiti. Mwanamke wa umri huohuo huulizwa kama anaumwa.

Jirani yangu Bi Mwanakombo naye hapaki nyeusi, anatia hina, na kichwa chake chote ni rangi ya machungwa. Hina kwenye mvi haitoi weusi hata uikoroge vipi, mpaka uchanganye na unga wa majani ya nili. Yeye ana hoja yake ya dini: siku Makka ilipofunguliwa, Abu Quhafa, babake Abubakar, aliletwa kwa Mtume nywele na ndevu zikiwa nyeupe kabisa, Mtume akaamuru zibadilishwe lakini weusi uepukwe. Wanavyuoni wamebishana tangu hapo kuhusu ukali wa katazo hilo. Sisi kanisani tunasomewa Methali kwamba kichwa chenye mvi ni taji, na ukitazama safu ya kwaya ya kina mama utaona hilo taji wengi tumelipaka piko, ile rangi nyeusi ya pakiti. Simcheki mtu.

Simcheki kwa sababu kuna kichwa kimoja ninachokipaka kwa mikono yangu mwenyewe, nacho ni cha hawe wako, mama yangu mzazi.

Hili sijapata kukueleza vizuri. Ulipokuwa mdogo uliambiwa hawe anapenda kujiremba, na yeye mwenyewe alipenda uamini hivyo. Hawe anaishi Vitengeni, na huko kichwa cheupe husomwa vingine. Mtoto akiugua ghafla, mbuzi wakifa, kijana akianguka na pikipiki, kuna atakayekwenda kwa mganga kuuliza, na mganga mara nyingi humwona mzee. Tena humwona mzee wa kuaminika kwa uchawi: mwenye mvi, mwenye macho mekundu, anayekaa peke yake. Mvi ni umri. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka yote aliyowapikia watu haohao. Lakini ukishasikia jina lako linatajwa msibani kwa sauti ya chini, maelezo hayo hayana wa kuyasikiliza.

Wazee wa kike na wa kiume wamekatwa mapanga usiku katika kaunti hii miaka mingi sasa. Wakuu wa serikali wenyewe wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya mengi ya mauaji hayo ni ardhi: shamba la ukoo halijagawanywa, mzee ndiye anayelishikilia, na wanaotaka kuuza hawawezi kungoja. Uchawi ndio neno linalotangulizwa ili jirani asitoke nje akisikia kelele. Kule Ganze, Kaya Godoma, wapo wazee waliokimbia makwao wakapata pa kujihifadhi, na wapo walioambiwa na watoto wao wa kuwazaa kwamba wasirudi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1925, na kwa sheria hiyo kumwita mtu mchawi mbele za watu ni kosa. Mimi sijaona sheria hiyo ikilala na mtu usiku.

Kinachoniudhi zaidi ni sherehe. Tunamwimbia Mekatilili wa Menza, mjane aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, tunavaa hando, zile sketi zetu za asili, tunacheza, halafu tunarudi nyumbani na kumkodolea macho mjane wa boma la pili.

Basi mvi za hawe zikichungulia tu, mimi napanda gari la Vitengeni na pakiti zangu mkobani. Tunakwenda nyuma ya nyumba, chini ya mkwaju, mahali ambapo mtu wa njiani haoni. Hukaa kwenye kigoda, mabegani nimemfunga leso kuukuu ambayo imeshakuwa na madoa mpaka haisomeki jina. Nampaka Vaseline kwenye kipaji, masikioni na shingoni ili ngozi isishike rangi. Piko naikoroga kwenye kisahani cha plastiki, kamwe si cha bati, na naipitisha kwa mswaki wa zamani, shungi kwa shungi, nikianzia kisogoni kwa sababu mbele hushika haraka. Inanuka ile harufu kali inayokwenda moja kwa moja machoni. Yeye hufumba macho na kusema, "Nitie ujana, mwanangu, watu walale." Kisha hucheka. Tukimaliza kusuuza, yale maji meusi siyamwagi uani. Nayabeba kwa beseni mpaka chooni.

Usidhani anapenda. Ameniambia mamake alikuwa na kichwa cheupe chote, na kwa ajili ya kichwa hicho alitangulizwa kwenye chakula na kungojwa kwenye mashauri. Yeye alitazamia zamu yake ifike. Ilipofika ikawa ni ya kufichwa.

Wala sidhani piko inazuia panga. Inapunguza macho tu, na huko macho ndiyo mwanzo. Kilichomsaidia kweli ni kikao walichokaa wajomba zako, wazee wa ukoo na chifu: shamba likapimwa, mipaka ikawekwa, kila kijana akaonyeshwa chake hawe akiwa hai na akiwa ameketi palepale. Tangu siku hiyo maneno yamepungua. Kwenye picha za Baraka, basi, jiandae: mama atakuwa na kichwa cheusi na binti yake cheupe, na mpiga picha atauliza yupi kamzaa mwenzake. Na zile elfu tatu zako nimempa fundi aanze kumjengea hawe jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Usiniulize kama ulizituma kwa hilo.

Sasa unaelewa kwa nini nikiambiwa mwanamke wa kweli huacha mvi zake, nanyamaza. Mimi naziacha kwa sababu nina pensheni, naitwa mwalimu, na nyumba ninayolala ina hati kwa jina langu. Hawe hana hayo.

Wewe uko katikati. Hapana wa kukuvamia usiku, lakini mshahara unaweza kuguswa. Nilitaka kukutajia Christine Lagarde, anayeongoza Benki Kuu ya Ulaya tangu 2019 na kichwa chake cheupe kabisa, halafu nikasikia sauti yako ikisema, "Mama, yule hana meneja." Kweli. Ukiona ni lazima upake ili ukae vizuri kazini, paka kama unavyovaa ile sare yao: ni ya kazi, na jioni unaivua kichwani mwako hata kama rangi imebaki. Asikufundishe kujionea haya, huyo meneja, ambaye ukimwangalia kwa makini pengine naye ana chupa yake bafuni.

Lakini paka ukijua unachopaka. Kinachotia weusi katika piko na katika rangi nyingi za kudumu ni dawa iitwayo kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 ikifika kichwani, na kuipaka kwenye ngozi umekataza kabisa. Huku kwetu maharusi huchorwa kwayo mikononi na miguuni, na ndiyo maana baada ya harusi unamwona binti ana malengelenge yaliyofuata maua yaleyale. Ngozi ikishaichukia haisahau. Mara inayofuata inaweza kuvimba uso mzima. Kwa hiyo kila pakiti mpya jaribu kwanza tone moja kwenye kunjo la kiwiko, ungoje saa 48. Hawe namfanyia hivyo kila mara, na kila mara ananiambia nampotezea muda. Usipake wiki uliyotia dawa ya kulainisha nywele, kwa sababu kichwa kinakuwa na vidonda usivyoviona. Na pakiti isikae mahali ambapo watoto wanafika. Sudan ni dawa hiihii iliyowajaza watu hospitalini, waliokunywa kwa bahati mbaya au kwa kutaka kujiua: koo huvimba mpaka pumzi ikwame, kisha figo hufuata.

Binamu yako muuguzi aliniletea pia habari za saratani, nikamwambia asinipe nusu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake 46,709, wote wakiwa na dada aliyepata saratani ya matiti, waliona saratani hiyo kwa wingi zaidi kwa waliotumia rangi za kudumu, na kwa wanawake weusi waliopaka kila wiki 5 hadi 8 au mara nyingi zaidi, tofauti ilifika asilimia 60. Mwaka uliofuata utafiti mwingine, wa wauguzi 117,200 kwa miaka 36, haukuona ongezeko kwa saratani nyingi, lakini wengi wao walikuwa wazungu. Hakuna uliothibitisha kwamba rangi ndiyo iliyowaua watu. Mimi nilivyosoma ni hivi: si jambo la kukunyima usingizi, lakini pia si la kila mwezi. Ikiwezekana tumia zile zinazotoka zenyewe baada ya kuosha mara kadhaa, au zipake zile za juu ya sikio tu, kwingine uache. Na msichana wa saluni mwambie avae glavu. Yeye anashika hiyo dawa kutwa nzima.

Baraka anakusalimia, ana wasiwasi wa mahari lakini hasemi. Wape wajukuu zangu salamu na umwambie mkwe wangu nimepata ile sukari. Ukija Desemba pitia duka la dawa uninunulie glavu, boksi zima, zile wanazovaa hospitalini, saizi ya kati. Hizi za ndani ya pakiti zinachanika kabla sijafika utosini, na harusini sitaki kumshika mkwe mpya mkono na kucha nyeusi.

Mamako