Barua kwa mwanangu: hilo korongo usivuke

Mbukwa mama. Sisi wazima huku, mama yako miguu inamsumbua lakini shambani anakwenda hivyo hivyo, ukimwambia apumzike ananuna siku nzima.

Juzi kwenye simu umeniambia umevuka korongo na bodaboda, "baba acha woga, maji yalikuwa ya magotini tu." Sijalala. Nimechukua simu ya mdogo wako nikuandikie, maana ukiongea unanikatisha, sasa hapa nikatishe nione.

Hayo ya magotini ndiyo yanayobeba watu. Umesimama pale jua linawaka, mchanga mkavu, kina mama wanachota maji kwenye visima vyao vya mchangani, kumbe huko juu kwenye milima ya Kiboriani imenyesha tangu alfajiri, unasikia mngurumo kama lori halafu yanakuja na magogo na kila kitu. Reli yenyewe, kati ya Kilosa na Gulwe, mafuriko ya mwisho wa 2009 yaliichana, chuma kile na mawe yake, treni zikasimama, sembuse wewe na bodaboda anayewahi hela yake.

Unasema ukichelewa mwalimu mkuu atakupa barua ya kujieleza. Si ujieleze, tulikusomesha ya nini? Hapa kijijini mimi najitapa, wewe ndiyo wa kwanza ukoo mzima kuitwa Madamu, hata mnadani mtu anauliza bei ya beberu mimi nampa habari zako kwanza. Sasa usinitie aibu ya kufa maji, Mgogo gani anakufa maji na sisi kila mwaka kilio chetu ni ukame.

Mvua huku imeanza vizuri ila ilituchezea. Mtama tuliupanda kavu, kwenye vumbi, ule wa mbegu ya Macia wa hela yako (asante, sikukwambia), ikanyesha mara moja ikaenda zake wiki nzima, upande wa mbuyu umeota umenyooka kama wanafunzi wako mstarini, bondeni umeoza wote tumerudishia. Karanga nangoja udongo ushibe kwanza. Kumbikumbi walitoka usiku wa Jumanne, mdogo wako kajaza ndoo, zako zimekaangwa zipo kwenye kopo. Mlenda wa porini nao umeshatoka, mama yako anaanika, paa zima la banda ni mlenda.

Mbuzi wanne wamezaa. Yule mweusi wako usimuulize. Unga uliisha Oktoba na wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeripoti, mshahara hujauona, ningekwambia nini. Kuna kajike kekundu, kahesabu kako.

Na yule punda. Niliwaambia kaumwa na nyoka. Nyoka gani. Nilikuwa natoka mashineni na gunia la unga, nimepitia kilabuni kidogo, nikafika korongoni nikaona ni ya magotini. Mkokoteni tuliukuta siku ya tatu umekwama kwenye mgunga, ndiyo maana mwaka ule mama yako alibeba kuni na maji kichwani kiangazi chote na hakusema neno. Anajua. Basi tuache hayo.

Nasema usivuke. Yakiwa yanapita kaa, hata masaa manne, hata ulale kwa watu, mwalimu hakosi pa kulala. Na yakiisha usikimbilie, mchanga unabaki uji, pikipiki inazama mpaka kwenye siti. Dereva akikwambia naijua hii njia, shuka. Nauli mpe, shuka.

Ukija Krismasi pitia duka la mifugo pale Mpwapwa mjini uchukue chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni, inatakiwa kila miezi 3 na kuku wetu tangu Agosti hawajapata, jirani kashazika wake wote. Na misumari ya bati nusu kilo, nyumba yetu ya tembe inavuja juu ya kitanda cha mdogo wako, nimepata bati mbili kuukuu nataka niegeshe kabla udongo wa juu haujashuka wote. Betri za tochi pia, zile kubwa. Chanjo ifunge vizuri isipigwe jua, ila ukifika korongoni ukakuta maji rudi nayo mjini, kuku watangoja.

Baba yako