Utafiti wa Mto Mara usiishie hifadhini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sehemu ya Mto Mara ambayo watalii hawaifiki. Mto huu wenye urefu wa takribani kilomita 395 huanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha humwaga maji yake Ziwa Victoria, karibu na hapa Musoma. Kogatende, kule Serengeti wanakovuka nyumbu, panajulikana duniani kote. Ardhioevu ya mafunjo iliyo chini ya hifadhi, baina ya vijiji vya Tarime, Rorya na Butiama, abiria wa mabasi ya Mwanza na Sirari huiona dirishani wanapovuka daraja la Kirumi, basi.

Siku hizi husikika mapendekezo ya kujenga hoteli na fukwe za mapumziko huku. Sipingi. Ninachoomba ni kwamba, kabla kiwanja chochote hakijapimwa, ufanyike utafiti unaochunguza mapumziko na uhifadhi kwa pamoja, kwa kuwa mkondo unaomvutia mgeni kupita kwa mtumbwi unaweza kuwa ndio mapito ya ningu, samaki anayepanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Mtafiti atakayekuja kiangazi peke yake, akapiga picha na kuondoka, hataliona hilo. Mvuvi analijua, naye alipwe kwa siku anazomwongoza mtafiti, asiishie kupewa soda.

Mpaka kati ya maji na nchi kavu nao unahitaji kuangaliwa kwa makini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Lakini kwenye kinamasi ukingo huhama: mwaka 2020 ziwa lilipofurika, maji yalifika mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kupaita nchi kavu. Mita hizo 60 zihesabiwe kuanzia wapi? Bila ramani ya maji ya masika na ya kiangazi, kila mwenye kiwanja atajipimia kamba yake.

Kuogelea nisingekushauri hata kidogo, maana mamba na viboko wapo, na konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Kutazama ndege ni jambo jingine, kwani wapo wasioishi popote isipokuwa kwenye mafunjo, na njia fupi ya mbao iliyoinuliwa juu ya maji ingetosha kwa kuanzia.

Utafiti huo upime pia ubora wa maji mwaka mzima. Machi 2022 maji yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wapo waliotilia shaka jibu hilo. Vyovyote iwavyo, hakuna mgeni atakayelipia kutembezwa kwenye maji yanayonuka.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza, inaweza kushirikiana na halmashauri husika kuanzisha kazi hii. Siku ya Mara huadhimishwa kila Septemba 15, na hotuba hazikosekani. Safari hii, ratiba itenge saa kadhaa za kuitandaza rasimu ya ramani mbele ya wanavijiji, waisahihishe wao kabla ya wawekezaji kuonyeshwa.

Msomaji wako,
Musoma