YAH: Mashine ya kusaga matawi mliyoniuzia upau wake wa usalama ukiwa umefungwa kwa waya

Kwa Meneja wa Mauzo,

Wiki tatu zilizopita nilinunua katika yadi yenu mashine ya kusaga matawi iliyotumika, ile ya ngoma, yaani silinda nzito inayozunguka na visu vyake, yenye injini ya dizeli na magurudumu mawili. Kwenye karatasi ya mauzo mliandika kwamba imefanya kazi saa 612, imefanyiwa sevisi kamili na iko tayari kwa kazi. Nimewapigia simu mara nne, na mara zote nimejibiwa kwamba kitu kilichotumika huuzwa kama kilivyo. Ndiyo maana leo naandika.

Nianze na lililoninyima usingizi. Siku ya kwanza, kabla hatujatia tawi lolote, tuliijaribu kama ninavyojaribu kila mashine ya aina hii: injini inawaka, rola zinazovuta matawi ndani zinazunguka, mtu anasimama pembeni na kuusukuma kwa fito ndefu ule upau unaozunguka mdomo wa kulishia. Ukisukumwa, rola zinatakiwa zisimame papo hapo. Kijana ninayefanya naye kazi aliusukuma, akarudia kwa nguvu zaidi, kisha akanigeukia: "Mzee, mbona haziachi?" Rola zilikuwa zinaendelea kuvuta kana kwamba upau haujaguswa.

Nilizima injini, nikangoja ngoma isimame yenyewe, maana kwa uzito wake huendelea kuzunguka kwa muda, ndipo nikafungua kifuniko cha pembeni. Chuma kinachounganisha upau na vali ya haidroliki, ile inayosimamisha rola, kilikuwa kimezungushiwa waya mara tatu na kukazwa kwa koleo kisisogee. Na waya huo ulikuwa umepakwa rangi, rangi ileile mpya ya manjano mliyoipulizia mashine nzima. Nilipoukwangua kwa kucha, chini yake palikuwa na kutu. Picha nimeziambatanisha, tazameni ya tatu na ya nne. Mtu wenu wa simu aliniambia kwamba huenda mwenye mashine wa awali ndiye aliyeufunga. Huenda. Lakini aliyepuliza rangi aliuona, na aliyeandika "sevisi kamili" ama aliuona akanyamaza, ama hakuifungua mashine kabisa.

Ninyi ni watu wa kazi hii, mnajua upau ule umewekwa pale kwa ajili gani. Rola za mashine kama hii huvuta kama mita 30 kwa dakika, yaani nusu mita kila sekunde. Tawi lenye panda likinasa glovu au mkono wa shati, mtu ana sekunde mbili au tatu tu kabla ya kufika kwenye visu. Hawezi kuvutana na rola zilizotengenezwa kumeza gogo. Mikono yote miwili inaweza kuwa imeshakwenda, na kilichobaki ni kuusukuma upau kwa paja au kiuno. Kwenye mashine yenu angesukuma bure. Na aliyekuwa asimame pale siku ile ni kijana ambaye mama yake aliniomba nimfundishe kazi.

Baada ya hapo niliikagua yote. Swichi ya kifuniko cha ngoma, inayozuia injini isiwake kifuniko kikiwa wazi, nyaya zake mbili zimekatwa na kusokotwa pamoja. Kwa hiyo anayebadilisha visu naye hana kinga.

Mengine ni ya hasara tu, nayo nayataja kwa sababu yanahusu ukweli wa ile karatasi. Visu vimenolewa hadi makali yamekaribia matundu ya bolti. Chuma cha chini ambacho visu hukatia kina kingo nne, upande mmoja ukiisha unakigeuza. Kwenye hiki zote nne zimeviringika. Pengo kati yake na visu tulilipima tukapata milimita 6, ilhali kitabu cha mashine kinataka 2. Meno ya rola yamelika, na beringi moja ya ngoma inalia. Sijawahi kuona mashine ya saa 612 ikichakaa namna hii. Mita ya saa yenyewe ni mpya kuliko dashibodi iliyoishikilia, na skrubu zake hazina hata mkwaruzo.

Sikutarajia mashine mpya. Visu na beringi hununuliwa, na kama mngesema wazi kwamba imechoka, tungepatana bei na ningeitengeneza mwenyewe. Nilipokuja yadini niliomba tutie hata tawi moja nione inavyokata, nikaambiwa hapo haparuhusiwi, nikaisikiliza tu ikiunguruma tupu.

Ninachotaka ni mwichukue mashine kwa gharama zenu na mnirudishie fedha zangu zote ndani ya siku 14. Sitaki kubadilishiwa nyingine kutoka yadi hiyo. Nataka pia mniandikie mita ya zamani ilisoma saa ngapi za kazi ilipong'olewa. Na kuna mashine mbili nilizoziona pembeni ya hii, zimepulizwa rangi ileile. Zifungueni leo, kabla hamjajibu barua hii, mwangalie vali zake. Kama kuna iliyokwisha kuuzwa, mpigieni simu mnunuzi wake asiiwashe.

Hii yangu nimeifunika turubai na kuitoa betri, na ufunguo ninao mwenyewe. Ule waya sijaufungua. Nimeuacha kama nilivyoukuta, ili fundi mtakayemtuma auone kwa macho yake.

Wenu,

Mteja